Nyota Changa na Jioni Kumi na Sita

Mwalimu wa Fizikia alichukia vumbi kiasi kwamba wanafunzi wa zamu ya kufagia walipima kwanza upepo unaelekea wapi. Ukifagia na vumbi likaenda nyumbani kwake, atatoka na kipande cha kanga kuukuu begani, mikono kiunoni, akuulize umetumwa na nani. Mtu huyohuyo, kila kiangazi kwa miaka kumi na minane, alitoka nje jioni kulitazama vumbi jingine lililo mbali kuliko akili yangu inavyoweza kufika, akaandika habari zake kwenye daftari bila kuchoka.

Nilikuwa jirani yake katika nyumba za walimu pale Makere. Yeye alifundisha fizikia, mimi Kiswahili. Yeye aliletwa na serikali kutoka mkoa wa mbali, mimi ni Muha wa hapahapa, na katikati yetu palikuwa na uzio wa mabua ambao kuku wangu hawakuuheshimu hata siku moja. Jina lake silitaji. Hata shuleni hakuna aliyelitumia. Mkuu wa shule mwenyewe alimwita Fizikia, basi. Mimi nilimwita Mwalimu, naye aliniita Mama Neema kwa jina la binti yangu wa kwanza. Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo nilimfanyia, na nimechoka kukaa nalo.

Nyota yenyewe haionekani kwa macho matupu. Iko upande wa kusini, na kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha, inapanda juu vizuri mapema jioni. Yeye aliiona kwa darubini ndogo aliyoachiwa na daktari mmoja mgeni aliyefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkataba wake ulipoisha. Mara ya kwanza aliponionyesha niliona nukta. Nikamwambia, "Mwalimu, ndiyo hii tu?" Akanitazama kama nimemtukania mzazi.

"Bado changa," akasema. "Haijamaliza kujengwa. Vumbi na hewa ambavyo inajengwa navyo bado vinaizunguka."

Sikuelewa. Akaingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, akachukua ungo, akapanga vipande vya muhogo wa kuchemsha ukingoni. Akawasha taa ya chemni, akaiweka mezani, kisha akaulaza ungo mbele yake, usawa wa macho yangu, akawa anauzungusha taratibu. Kila kipande cha muhogo kilipopita mbele ya taa, mwanga ulififia, kikishapita ukarudi.

"Umeona? Taa haijapungua. Kuna kitu kimepita mbele yake."

Vumbi la nyota ile, alisema, limejilaza hivyo hivyo kama ungo, na sisi tunalitazama kwa ubavuni. Bonge la vumbi likipita, nyota inafifia. Siku nyingine vumbi linaiangukia nyota yenyewe, nayo inang'aa kuliko kawaida. Ndiyo maana haina utulivu. Wanangu walikaa wakisubiri fizikia iishe ili wale muhogo.

Maneno yale ya taa aliyahamishia kwenye mikutano ya walimu, akatuchosha nayo. Ikifika wakati wa kujaza ripoti za wanafunzi, mtu akiandika "mzembe", Fizikia anasimama. "Huyu muhula uliopita alikuwa na sabini. Nani amekwenda kwao kuuliza ni nini kimepita mbele yake?" Tunacheka, tunataka kwenda nyumbani, tunafuta neno "mzembe" ili akae chini. Baadaye unakuta kweli mama wa mtoto yule yuko wodini tangu Februari.

Hapo kuna jambo la kuchekesha juu yake. Kwa watu alidanganya bila aibu. Baba mmoja kutoka Titye alikuja ofisini kumtoa binti yake shule, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mwalimu, nakuja kuchukua umwana wangu. Nasikia anafeli, bora alime." Fizikia akamkaribisha kiti, akamwambia huyo binti ndiye wa kwanza darasani kwa fizikia, na kwamba angesikitika sana kumpoteza. Binti alikuwa wa thelathini na kitu. Baba akaondoka amevimba kwa fahari. Nilipomkalia kooni, Fizikia akaniambia, "Nitamfundisha mpaka iwe kweli," na akamfundisha, ingawa haikuwa kweli hata mwisho. Kwa nyota hakudanganya kamwe. Baadaye nilijaribu kujitetea kwa mfano wa binti yule, moyoni mwangu, na utetezi haukusimama.

Alikuwa na papara na watu. Sisi Waha salamu zetu ni ndefu. Unapiga makofi mepesi, unainama, unauliza nyumba, watoto, ng'ombe, shamba, na kila kitu kinajibiwa. Miaka yake ya kwanza alikuwa anahamisha uzito mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na haja. Alipozeeka pale kijijini akawa yeye ndiye anayeshika watu njiani kwa "Mwakeye" yake yenye lafudhi ya kwao, mpaka wanaomba kuachiwa waende sokoni. Ila kwenye darubini alikuwa mtulivu tangu siku ya kwanza. Aliweza kukaa pale na sweta lake, baridi ya Julai inapenya mifupa, dakika arobaini kwa ajili ya tarakimu moja.

Tarakimu yenyewe aliipata hivi. Kando ya nyota ile kuna nyota mbili zilizotulia, zisizobadilika. Moja inang'aa zaidi, akaiita Bi Mkubwa. Nyingine ni hafifu, akaiita Bi Mdogo. Kutoka mwanga wa Bi Mkubwa kushuka hadi wa Bi Mdogo aliweka hatua kumi, na kila jioni aliuliza nyota yetu imesimama hatua ya ngapi. Jioni nyingi ilikuwa nne au tano. Mara chache saba. Ikiwa hafifu kuliko hata Bi Mdogo, hapo imezama. Ilizama mara moja tu, kiangazi chake cha kwanza, alipokuwa hajajifunza kupima, akaandika "hafifu sana" wiki mbili mfululizo. Maneno yale yalimkera maisha yake yote. Alikuwa anasubiri izame tena, safari hii aandike kila hatua ya kushuka na ya kupanda. Ndicho alichokitaka duniani, na sijui kama alitaka kingine.

Alikuwa na masharti matatu. Usitazame tarakimu ya jana kabla ya kupima ya leo, maana utaona unachotarajia. Nyota ikififia peke yake, ni vumbi lake. Lakini Bi Mkubwa na Bi Mdogo nao wakififia, ni moshi wetu au ni jicho lako. Na kama hukutazama, weka mstari. Mstari mtupu si aibu, alisema, na kweli daftari zake zilikuwa na mistari mingi: malaria, mawingu, safari, msiba. Kila wiki alipanda kwenye kichuguu nyuma ya bwalo, mahali pekee simu ilipopata intaneti, akazituma tarakimu kwa watazamaji wenzake wa nchi nyingine ambao hakuwahi kuwaona. Wao waliziweka pamoja na zao.

Fundi mmoja Mkongomani aliyekuwa akitengeneza redio sokoni ndiye aliyemchomelea mguu wa darubini ulipovunjika. Akamuuliza, "Papa Mwalimu, hii nyota unaiangaliaka kila siku, haikuchokeshe?"

"Inabadilika."

"Ah bon. Basi iko kama bibi yangu."

Kwao bibi ni mke. Fizikia alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima alikuwa anaisimulia ofisini, nasi tunacheka kwa heshima.

Kisha akaanza kulalamika juu ya moshi. Mwezi wa nane watu wetu huchoma nyika, na kweli anga huwa nyekundu, kwa hiyo mwanzoni sikuona ajabu. "Wamechoma sana mwaka huu," anasema, anafuta kioo kwa kanga yake. Lakini mvua ya kwanza ikanyesha, hewa ikawa safi mpaka unaona milima ya upande wa Burundi, naye bado anasema moshi. Mtu aliyetufundisha kwamba wote wakififia ni jicho. Alijua. Alikuwa anajua kabla yangu, ila hakuwa na moyo wa kulitamka. Jioni moja aliniita juu ya uzio, sauti yake ya kawaida kabisa, "Mama Neema, njoo uniazime jicho."

Ilikuwa presha ya macho. Nikamwazima jicho viangazi viwili, na nataka hili lijulikane: viangazi vile nilitazama kweli. Jioni ya kwanza ilinichukua nusu saa kuona tofauti yoyote. Ya pili robo saa. Kufika mwezi wa saba nilikuwa namaliza kupika, nafunga kanga, navuka uzio, na moyo wangu unakwenda mbio kidogo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto wanne, na nina nyota yangu. Namwambia "tano", anaandika kwa herufi kubwa anazoweza kuziona. Simwambii mtu yeyote, lakini ule ulikuwa wakati mzuri wa maisha yangu.

Kiangazi cha tatu alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, mbali, wajaribu kuokoa jicho lililobaki. Aliondoka mwisho wa Julai. Akanikabidhi ufunguo, darubini na daftari. "Ukikosa, weka mstari," akasema, na gari likaondoka.

Siku ya tatu nikapata habari kwamba shangazi yangu amefariki Kumsenga, upande wa Kibondo. Nilikwenda, nikakaa msibani siku nne. Niliporudi nilikuta zile nafasi nne kwenye daftari, nikamfikiria amelala hospitalini na bandeji machoni, anahesabu siku, nikaona haya kumpelekea mistari minne mwanzo kabisa wa dhamana aliyonipa. Nikaandika nne, nne, tano, nne. Nilijiambia kwamba ndivyo ilivyo jioni zote, na kwamba ni mara moja.

Hizo nne angalau zina msiba ndani yake. Kumi na mbili zilizofuata hazina kitu. Kulikuwa na baridi, kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, kulikuwa na blanketi. Niligundua kwamba tarakimu ya kubuni inachukua nusu dakika. Nilikuwa mwangalifu hata katika uongo: katikati niliweka sita moja, ili zisifanane mno. Akipiga simu, anauliza, "Vipi, ameamkaje?" Nami nimejifunika, najibu, "Nne, Mwalimu. Ametulia." Nasikia anapumua. Mwisho wa wiki nilipanda kichuguu, nikatuma.

Jioni ya kumi na saba sijui ni nini kilichonitoa nje. Nilitazama, nikaiona hatua ya saba, nikaiandika saba chini ya uongo wangu, nikarudi ndani. Tangu siku hiyo nilitazama kila jioni mpaka aliporudi. Sikujua kwamba kwenye ile saba nyota ilikuwa njiani kupanda tena.

Alirudi mwezi wa tisa. Jicho halikuokoka, alikuwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Siku hiyohiyo, akiwa bado na vumbi la safari, aliniomba nimsomee ujumbe ulioingia kwenye simu yake. Ulikuwa wa wale watazamaji. Nilisoma kwa sauti, natafsiri taratibu. Walisema nyota ilizama sana mwezi wa nane, kwa muda wa wiki mbili, imeonekana na watu wa sehemu tatu za dunia. Daftari letu peke yake lilisema nne na tano. Waliuliza kwa upole kama huenda tulitazama nyota nyingine kwa makosa.

Ningeweza kusema hapohapo. Nikatazama kanga yake begani, naye kichwa amekiinamisha upande wangu. Alichokisubiri tangu kiangazi kile cha kwanza kimekuja na kupita, na daftari lake linasema hakikuja.

"Waandikie," akasema. "Waambie mtazamaji wangu namwamini kuliko nilivyoliamini jicho langu."

Nikaandika. Kwa vidole vyangu hivi niliyaandika maneno yale, nikapanda kichuguu, nikayatuma.

Walijibu wanaheshimu. Lakini baadaye walituarifu kwamba, kwa kuwa haijulikani kosa lilianzia wapi, wameweka alama ya kuuliza kwenye tarakimu zote zilizotoka kwake, za miaka yote kumi na minane. Nikamsomea na huo pia. Akasema, "Watakuja kuelewa." Akastaafu mwaka uliofuata, akahamia Kasulu mjini kwenye nyumba ndogo aliyokuwa amejenga. Kwa miaka mitatu nilimpigia simu kila sikukuu, nikauliza afya, nikauliza mboga za uani kwake. Sikusema.

Mwaka huu, mwezi wa sita, alinipigia yeye. Sauti imepungua. Alisema amekuwa akifikiri, na anataka kuwaandikia wale watu barua ya mwisho, ndefu, yenye hoja, waiondoe ile alama kabla hajaondoka duniani. Anahitaji mtu wa kumwandikia. "Njoo wewe," akasema, "wewe ndiye shahidi."

Siku hizi ni lami tupu mpaka Kasulu, safari fupi, na nilitamani iwe ndefu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, redio imefunguliwa chini kabisa, madaftari yamepangwa mezani. Nilipiga makofi ya salamu, akayajibu kama Muha. Akaniulizia watoto wote wanne kwa majina. Akaniambia nikae, kalamu iko kwenye kikombe.

Akaanza. "Ndugu watazamaji. Mwanamke aliyetazama nyota kwa niaba yangu ni mtu mwaminifu, mwalimu mwenzangu..."

Sikuweza kuandika. Akasubiri, akafikiri namalizia sentensi. "Umeandika?"

"Mwalimu, sikutazama."

"Nini?"

"Jioni kumi na sita. Sikutoka nje. Nilikuwa msibani siku nne, zilizobaki nilikuwa ndani kwangu. Zile tarakimu nilizibuni."

Redio iliendelea kusoma matangazo ya vifo. Alinyoosha mkono akaitafuta, akaizima. Nilitegemea anifukuze, na niseme kweli, nilitaka anifukuze. Uso wake haukugeuka popote, macho yale yakitazama ukuta.

"Anga ilikuwaje siku zile?" akauliza.

"Ilikuwa safi, Mwalimu."

"Zote?"

"Zote."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Halafu machozi yakamtoka, bila sauti, akayaacha yateremke. Nilipiga magoti sakafuni nikashika miguu yake, nikalia, nikamwambia ni baridi, ni uvivu, ni aibu, sina sababu nyingine. Hakunisukuma wala hakuniinua. Mwishowe akasema, "Inuka, kuna kazi."

Tuliandika barua nyingine, fupi. Kwamba jioni hizo hakuna aliyetazama. Nilitaka jina langu liwekwe, akakataa. Daftari ni lake, akasema, na kosa ni la mwenye daftari. Kisha akaniambia nifungue daftari, nichore mstari juu ya tarakimu zile kumi na sita. Nikachora.

"Sasa rudi nyuma," akasema. "Futa na vile viangazi viwili vya kwanza ulivyonitazamia. Na zile zilizofuata."

"Mwalimu, zile ni za kweli. Naapa kwa Mungu, zile nilitazama."

"Najua." Alisema kwa upole ulioniuma kuliko kofi. "Lakini nitamwonyeshaje mtu mwingine?"

Nikafuta. Jioni kwa jioni, ukurasa kwa ukurasa, viangazi vyangu viwili vizima, zile tano nilizozifurahia, zile saba tulizozishangilia juu ya uzio, na ile saba ya jioni ya kumi na saba. Yeye alikaa akisikiliza kalamu inavyokwaruza karatasi. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Jirani alileta uji, ukapoa.

Nilipofika kwenye ukurasa wa jioni alizotazama kwa jicho lake mwenyewe, mwandiko mkubwa wa mtu anayepapasa, nikanyanyua kalamu.

"Umefika kwangu?"

"Nimefika."

"Ya mwisho inasema ngapi?"

"Nne na nusu."

Alinyoosha mkono, nikamsogezea daftari. Akaweka kiganja juu ya ukurasa, akakiacha hapo.

"Basi ndiyo siku niliyoiona mara ya mwisho," akasema. "Nilikuwa sijui."